Neno Kwenye Kadi ya Atuganile

Nilifanya kazi ya unesi miaka ishirini kwenye zahanati moja ya Mtoni, na katika miaka yote hiyo nilijivunia kitu kimoja: pua yangu. Mtu akiingia tu nilijua kama amekunywa gongo. Nilijua mtoto anatoka usaha sikioni kabla mama yake hajamvua kofia. Wenzangu walinitania kwamba sista Demetria hahitaji maabara. Nilikuwa nacheka, lakini moyoni niliamini. Ndiyo maana nilipokosea, nilikosea kwa uhakika wote, tena kwa wino mwekundu.

Ilikuwa mwaka tisini na nne, siku ya kliniki ya wajawazito. Atuganile aliingia na mimba ya miezi saba, binti wa Kinyakyusa, mrefu, mpole, anakohoa huku amejiziba mdomo kwa pindo la khanga. Alipokaa tu, harufu ya sigara ikanifikia. Ilikuwa kwenye nywele, kwenye khanga, mpaka kwenye kadi ya kliniki aliyonikabidhi.

"Unavuta?" nikamuuliza.

"Hapana, sista. Sijawahi."

"Mwanangu, mie si mama mkwe wako. Sema ukweli."

"Sivuti, sista. Nafanya kazi baa."

Kwangu mimi hilo halikuwa jibu, lilikuwa ushahidi mwingine. Enzi hizo mwanamke akionekana na sigara mkononi, mtaa mzima ulikuwa na jina la kumwita, na akiwa mhudumu wa baa hakuna aliyemuuliza mara mbili. Nikachukua kalamu nyekundu. Kwenye nafasi ya maoni nikaandika: Mvutaji. Ameonywa. Atuganile aliyasoma maneno yale kutoka upande wake wa meza, akafungua mdomo, lakini kikohozi kikamtangulia. Sikusubiri kiishe. Nikaita mwingine.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, wa kike, mdogo mno. Aliishi siku tisa.

Habari hizo nilizipata wiki sita baada ya ile kliniki, kutoka kwa Atuganile mwenyewe. Alikuja asubuhi isiyo ya kliniki, akakaa kwenye benchi mpaka wagonjwa wakaisha. Alipoingia hakulia. Aliweka ile kadi mezani, akaifungua pale palipokuwa na wino mwekundu.

"Sista, naomba ulifute hili neno."

Akanieleza. Baada ya kumaliza matanga, wifi yake, Gladness, alikuwa akikunja nguo za mtoto azitie sandukuni, akaikuta kadi katikati ya nguo. Akaisoma. Akampelekea kaka yake, Elibariki, mume wa Atuganile, naye akaisoma. Toka siku hiyo ndani ya nyumba hapakuwa na msiba tena, palikuwa na kesi. Mke alikuwa akivuta sigara kwa siri, akaambiwa na nesi aache, hakuacha, akamuua mtoto. Jumapili ijayo ndugu walikuwa wanakaa kikao, na kila mtu alishajua kitakachoamuliwa: arudishwe kwao Tukuyu.

"Na mumeo anasemaje?"

"Anasema kadi ya serikali haiwezi kudanganya."

Hapo ningepaswa kushtuka. Badala yake nikajivuta kwenye kiti, nikamwambia kadi ya serikali haifutwifutwi ovyo, na kwamba mimi niliandika nilichokisikia kwa pua yangu. Namkumbuka alivyonitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Basi njoo unuse pale ninaposhinda," akasema. "Njoo siku moja tu. Kadi nakuachia."

Nilienda Ijumaa, saa kumi jioni, baada ya kazi. Sikwenda kwa huruma, niseme kweli. Nilikwenda ili niwe na la kumjibu. Baa yenyewe ilikuwa ya Theonest, Mhaya mwenzangu, mtu mnene mwenye maneno matamu. Nilikuta ukuta mzima umepakwa rangi za kampuni fulani ya sigara, na viti vya plastiki vya rangi hizo hizo. Ndiyo miaka ile, kila kampuni ilikuwa inatafuta ukuta wa kupaka. Niliagiza soda, nikakaa pembeni.

Watu hawakupungua thelathini, na waliokuwa hawavuti nadhani tulikuwa mimi na Atuganile. Moshi ulikuwa unaning'inia chini ya mabati, na feni ilikuwa inauzungusha tu, haiutoi. Atuganile alikuwa anapita na sinia, anageuza uso begani anapokohoa ili asikohoe juu ya glasi za watu. Baada ya saa moja macho yalikuwa yananiwasha. Baada ya saa mbili nikamwita Theonest.

"Huyu binti anavuta?"

"Atu?" Akacheka. "Sista, hawa wahudumu wengine wananinyofolea sigara moja moja kwenye pakiti. Huyu hata kiberiti hagusi. Mwaka wa pili huu sijamwona."

Niliona aibu. Na mimi nikiona aibu huwa nakuwa mkali, ndivyo nilivyoumbwa. Nikasimama pale pale.

"Basi hawa watu wako wakavutie nje."

Meza za jirani zilinyamaza kana kwamba nimewaambia wavue suruali. Wa kwanza kunijibu alikuwa Romani, muuza mitumba wa Tandika, kijana mwenye saa kubwa mkononi.

"Nje tena, sista? Mie nimekaa hapa kwa hela yangu. Na siku hizi ni soko huria. Jana tu tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, leo angalau mtu anachagua, nyie mnataka kuturudisha kwenye amri? Asiyetaka moshi asije baa."

"Na anayekuletea bia?"

"Atafute kazi nyingine."

"Ipi? Mumewe amepunguzwa kiwandani. Nitajie kazi moja tu, Jumatatu nimpeleke mwenyewe."

Romani akaangalia saa yake. Akadakia Mzee Mwinjuma, Mzaramo aliyestaafu bandarini, ambaye kila siku alikuja kunywa soda yake na kubishana habari za mpira.

"Sista, mie navuta toka enzi za mkoloni. Moshi ukishanitoka mdomoni si wangu tena. Huo sasa wa Mungu, unakwenda unakotaka."

Watu wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, halafu nikajichukia kwa kucheka.

"Shikamoo, mzee wangu. Huo unaosema wa Mungu unaishia kifuani kwa huyu. Msikilize."

Atuganile alikuwa ameshika nguzo, sinia tupu chini ya kwapa, kifua kinampanda na kushuka. Hakuna aliyecheka tena. Mzee Mwinjuma aliitazama sigara yake, akaizimia chini ya kiatu ingali nusu.

"Sie tulikuwa hatujui kama unamfika," akasema.

"Sasa mjue."

Mabishano yakaendelea. Mmoja alisema bia bila sigara haishuki, mwingine akauliza wavutaji wakitolewa nje mvua ikinyesha waende wapi. Theonest alijifuta jasho. "Sista, nikiwatoa hawa, waliopaka ukuta niwaambie nini?" Alichokubali mwisho ni kuweka benchi moja nje, kwa anayetaka. Serikali ilikuwa bado haina sheria yoyote ya jambo hilo. Sheria ilikuja miaka mingi baadaye, na hata ilipokuja watu waliizoea taratibu. Kwa miezi miwili benchi lile lilikaliwa na mbuzi wa jirani na Mzee Mwinjuma peke yao.

Nilifika nyumbani, nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikakinusa. Kilinuka mvutaji. Saa mbili tu, na soda moja. Nikakaa kitandani nikakishika mikononi, nikalia. Yule binti alinieleza ukweli wake kwa maneno mawili, nami nikaona pua yangu inajua kuliko mdomo wake.

Kesho yake nilikwenda zahanati nikaichukua kadi. Nilikata "Mvutaji" kwa mstari mmoja, nikakata na "Ameonywa", nikaweka sahihi na mhuri. Kisha nikakwama. Niandike "Havuti" tu? Atakayesoma atauliza, na hiyo harufu? Hicho kikohozi? Shule ya unesi hawakunifundisha neno la mtu wa namna hiyo, au mimi sikulisikia. Nikatunga langu. Nikaandika kwa wino wa bluu: Havuti sigara. Anavutishwa.

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda kwenye kikao bila kualikwa. Atuganile na mumewe walikuwa wamepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya vyumba sita, kina dirisha moja, nalo limepigiliwa mbao kwa kuogopa wezi. Mjomba wa Elibariki, mtu mzima kutoka Upareni, alipewa kiti. Gladness alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Elibariki, mwembamba, ndevu hazijanyolewa, alikaa ukingoni mwa kitanda. Atuganile alikuwa chini, kwenye mkeka, karibu na mlango, na mfuko wake wa nguo ulikuwa tayari umefungwa.

Nikawaamkia, nikajitambulisha, nikasema nilichokuja kusema.

"Mimi ndiye niliyeandika ile kadi. Nilikosea. Huyu binti havuti, na hajawahi kuvuta. Nimekwenda kazini kwake nikaona kwa macho yangu. Nimelikata lile neno na nimeweka mhuri."

"Mara ya kwanza uliandika hivi, sasa unaandika vile," Gladness akasema. "Sie tushike lipi?"

"Shika hili." Nikasoma. "Havuti sigara. Anavutishwa."

"Ndo nini hicho, kuvutishwa?"

"Ni mtu kuvuta moshi wa wenzake bila kupenda. Wao wanawasha, yeye anapumua. Unamwingia sawasawa, kifuani, na akiwa na mimba unamfika hata aliye tumboni."

Elibariki akainua kichwa.

"Anavutishwa na nani?" akauliza.

Aliuliza kwa nia njema kabisa. Nadhani alishaanza kuitafuta baa ya Theonest kichwani, na watu wa kuwakamata shingo. Lakini maneno yale yalimtoka pamoja na moshi. Ndipo nilipoona sigara mkononi mwake. Nilikuwa nimeingia chumba kile na kukaa robo saa, na pamoja na pua yangu yote, sikuwa nimeiona. Hata yeye alikuwa haioni. Toka apunguzwe kazi alikuwa anashinda humo ndani, anawasha moja kwa nyingine.

Aliyemjibu ni Atuganile, bila kuinua sauti.

"Baa pako wazi pande mbili," akasema. "Hapa ndo nalala."

Elibariki aliitazama ile sigara muda mrefu. Akaidondosha sakafuni, hakuikanyaga hata. Kisha akaja akapiga magoti mbele yangu, akanisukumia kadi magotini.

"Andika, sista. Andika ni mie. Nimemuua mwanangu mie."

"Kaka, usiseme hivyo!" Gladness akapiga ukelele, akaanza kulia.

Kalamu nilikuwa nayo. Nikamwambia ukweli ninaoujua. Mtoto akizaliwa kabla ya wakati sababu ni nyingi, na hata daktari mkubwa asingeweza kuapa kwamba ni hii na si ile. Moshi haukumsaidia yule mtoto, hilo naweza kusema. Zaidi ya hapo sijui.

"Hujui?" Elibariki alinikazia macho mekundu. "Mbona lake uliandika? Lake ulikuwa unajua?"

Nimesemwa na mabosi, nimetukanwa na wagonjwa, lakini hakuna swali lililowahi kuniumiza kama lile. Niliifunga kalamu, mbele ya watu niliowapa mwandiko wangu wakamhukumu mtu.

Atuganile akainuka kwenye mkeka. Akaja akaitoa kadi katikati ya mikono yetu sote wawili, taratibu.

"Usimwandike, sista," akasema. "Mie nimeishi na neno lile wiki sita, nalijua linavyofanya mtu ukilala nalo. Huyu hataliweza."

Mjomba akakohoa kidogo, akauliza basi kikao kinaamua nini kuhusu habari ya Tukuyu.

"Aende wapi tena, mjomba?" Elibariki alisema pale pale chini, uso kwenye viganja. "Mke wangu haendi popote."

"Nakwenda," Atuganile akasema. Aliiweka kadi kwenye mfuko wa nguo, akaufunga upya. "Nakwenda kwa mama mpaka kifua kipone. Sirudishwi na mtu. Kama nitarudi, nitakuandikia."

Akaniaga kwa adabu, kama mtu anavyoagana na mkubwa wake, akamshika mjomba mkono, akatoka. Elibariki alimfuata mpaka mlangoni, akasimama hapo.