Kibofu Kilichopiga Hodi

Usingizi wa usiku wa jana uliniletea mgeni. Niliota anapiga hodi, nikafungua. Ni kibofu cha mkojo, kimejitanda kanga, kimejishika ubavu.

“Shikamoo,” nikasema, maana kilikuwa cha Bi Nyamizi, mgonjwa wetu, na yeye ni rika la bibi yangu.

“Marahaba, daktari. Tangu Nzega namwambia konda asimamishe basi tuchimbe dawa. Yeye, mbele, mama, mbele. Nikajaa. Basi lilipogonga lori, nikapasuka.”

Hayo nayajua. Jana bingwa wetu alipitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja, akauziba mshipa unaovuja kibofuni. Damu isipokata mpaka asubuhi, Bi Nyamizi atapasuliwa tumbo, na moyo wake hautahimili kisu.

“Ingia uangalie,” kinasema kibofu.

“Mlango uko wapi?”

“Uleule wa siku zote. Hapa hatutoboi ukuta.”

Najipenyeza kwenye mpira wa mkojo, natokea stendi ya mabasi. Mabonge ya damu yamekalia mizigo yao, yamegoma kuondoka. Nafungua bomba.

“Samahani, wazee wangu, tunaosha.”

Yanatoka yakinung'unika kwamba madaktari wa siku hizi hawana adabu. Nyuma yao kuna mshipa, unavuja.

“Waya ulifika?” nauuliza.

“Ulifika. Ila kizibo kimepwaya. Una chochote?”

Nimevaa shati la usaili wa leo, alilonishonea mama. Nakata kifungo cha juu, cha bluu, nakichomeka. Damu inakata.

“Hutakuja kukidai?”

“Sitakidai.”

“Hata wakikuona mchafu?”

“Hata hivyo.”

Nikaamka. Shati lilikuwa msumarini, kola ikiwa na uzi mtupu. Nikalivaa, nikakimbilia wodini. Mkojo kwenye mfuko wa Bi Nyamizi ulikuwa safi, rangi ya limau.

“Hawanipasui tena?”

“Hawakupasui, bibi.”

Akafumba macho, akacheka kimya kimya.

Sista Edina alikuwa ameinamia bandeji ya paja. “Daktari, kuna kifungo cha bluu kimenasa humu. Si chako hiki? Nikutolee, una usaili.”

“Kiache, sista.”

Nikaingia kwenye usaili kola wazi. Mwenyekiti wa jopo akanitazama shingoni, akaandika kitu, akauliza kifungo kiko wapi.

Nikamjibu kiko kazini.