Jina Moja kwa Kila Nyumba

"Wakazi wote mnatangaziwa kwamba masanduku ya maua mbele ya ofisi ya kaidi, yaliyokuwa meupe, yatapakwa rangi ya kijani kuanzia Jumatatu."

Kipaza sauti cha kaidi, mtawala wa eneo letu, kilirudia tangazo hilo mara tatu huku nikimsaidia mke wangu, Tamou, kuingia garini. Tulikuwa tukitoka Settat kwenda hospitali ya Casablanca kwa dozi yake ya tano ya dawa ya saratani. Dozi hiyo ilikwisha kuahirishwa mara moja, wodi ilipofungwa kwa sababu ya virusi, na daktari alituonya kuwa uvimbe hautasubiri mara ya pili. Cheti cha kipimo chake cha virusi, ambacho bila hicho hapokelewi, kingekwisha muda wake saa sita mchana siku hiyo.

Kwenye kizuizi cha kuingilia jijini, saa nne na nusu, askari alikisoma kibali changu cha kutoka nyumbani, akakigeuza, akakisoma tena.

"Mzee, hapa pana jina moja. Wewe pita. Mama arudi."

"Mgonjwa ni yeye, mwanangu."

"Basi angeandikwa yeye."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Serikali ilitoa kibali kimoja kwa kila nyumba. Mkadamu wa mtaa, mjumbe wa kaidi, alipobisha hodi kuuliza amwandike nani, nilijibu "mimi" kabla hajamaliza swali, kama ambavyo baba yangu angejibu. Nimefundisha mantiki miaka thelathini na minne.

Tamou alishusha kioo. Barakoa ilikuwa pana kuliko uso uliobaki.

"Mwanangu, mama yako yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Kibali cha kwenu kina jina la nani?"

Askari alitazama viatu vyake. "Langu."

"Nawe unashinda hapa barabarani! Mwombee asiumwe hata jino."

Askari akaenda kuwaita wakubwa wake kwa redio. Saa tano ikapita. Kutoka hapo hadi hospitali ni mwendo wa dakika ishirini. Saa tano na dakika arobaini nayo ikapita. Tamou hakuuliza saa. Alikikunja cheti mara nne, kisha akakikunjua, akakinyoosha juu ya goti.

Saa sita kasoro dakika nne tulisomewa jibu: kwa kuzingatia utu, nyumba yetu imeongezewa kibali cha pili, kwa jina la Tamou, kwa manunuzi ya chakula, ndani ya mtaa wake tu.