Mshairi ni Mtu wa Kufa

Restituta Kapinga anafumba macho katikati ya rozari, saa nane mchana, daftari la kisomo likiwa mapajani, na benchi la kanisa linageuka barabara. Ni barabara nyekundu isiyo na mwanzo, inajikunja na kurudi chini ya miguu yake, na kila nyumba kando yake ina kuta za kioo, na ndani ya kila kioo yumo Restituta mwingine, mwanamke wa miaka hamsini na minne aliyejua kusoma juzijuzi. Mbele yake anatembea mtu asiye na uso. Penye uso pana ngozi tupu kama kisigino. Restituta anamwambia, Mwalimu wetu wa jioni amenituma nimhoji mwandishi mmoja aliye hai, anieleze kazi yake. Aliye hai? anasema asiye na uso. Basi kaza mwendo, mama. Kitendawili. Tega, anajibu Restituta. Nikimwandika anakuja, nikimfuta anakufa. Restituta anawaza, anashindwa. Nipe mji, anasema yule. Chukua huu, anajibu Restituta bila kufikiri, kama walivyocheza utotoni, na papo hapo vioo vyote vinapasuka, na akina Restituta wote wanaanguka kifudifudi, damu zikiwatoka puani. Nimeuchukua, anasema asiye na uso. Jibu ni neno.

Wanapita juu ya vioo, na vioo vinakuwa soko, na katikati ya soko mwandishi wa riwaya anapigwa mateke na watu aliowatunga mwenyewe. Mbona uliniua ukurasa wa arobaini? anafoka mmoja, akimkanyaga vidole. Nilikuwa na haraka ya kumaliza, analia mwandishi. Restituta anapiga ishara ya msalaba, anataka kumwinua, lakini barabara inamvuta hadi kwenye gogo la bucha, na juu ya gogo amefungwa mshairi, msichana aitwaye Zawena, na mwenye bucha ameinua panga kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika ukurasa uliochanwa. Restituta anautambua mwandiko wake mwenyewe, ule wa kupanda mlima. Nimeandikiwa hapa, anasema mwenye bucha, Mshairi ni mtu wa kufa. Nami nafuata maandishi.

Nilikusudia kufaa, baba, anasema Restituta. Mtu wa kufaa. Nimesahau a moja. Mwenye bucha anacheka. Hapa hatukati kwa makusudio, mama. Zawena anageuza shavu juu ya gogo. Uliza swali lako, mama yangu, shingo inaniuma. Na Restituta, kwa aibu, anauliza, Kwa nini unaandika, mwanangu? Nyumbani tulipigwa, anasema Zawena, tukanyamaza, nikaja kugundua kwamba mpigaji anakipenda sana kimya. Sasa ongeza hiyo herufi, usiniletee machozi. Kalamu haipo. Restituta anaokota kigae cha kioo, anajichana kidole, anaurukia ukurasa mkononi mwa yule mtu, huku akisema, Bwana, ongoza mkono wangu, na anachora a kwa damu, kitumbo kwanza, kisha mkia, kama alivyofundishwa, na mkia unamchukua muda mrefu kuliko maisha yake yote. Mwenye bucha naye anasoma kwa kuunganisha silabi, Ku, anasema, fa, anasema, na panga limekwisha kuanza kushuka.

Kanisa limejaa jua. Kidole kinamwasha. Pembeni yake kwenye benchi ameketi msichana aliyejifunga kanga shingoni, na kanga inalowa taratibu, ua moja jekundu linakuwa mawili. Herufi imefika, mama, anasema Zawena, ila panga lilikuwa njiani. Limenigusa tu. Swali la pili je? Restituta anajifinya goti, linauma, lakini hata ndotoni aliumia. Anatafuta ukurasa mtupu, anaandika polepole, anahesabu herufi moja moja kabla ya kufungua mdomo. Kisha anauliza.