Maji ya Kulowekea Mwani

Soko huria lilipofunguliwa, Masasi ilijaa kila kikorokoro cha ng'ambo. Shamte, mfanyabiashara asiyetulia, akaleta mwani mweusi uliokaushwa, wa kula, akiunadi kuwa dawa ya tezi la shingo. Veridiana ndiye aliyempimia vyakula vyake kama vina sumu, katika chumba cha nyuma ya duka, na safari hii alifanya pupa. Kabla hata ya kupima, alimpelekea mdogo wake Getrude pakiti kadhaa huko Newala. Getrude alikuwa na tezi. Alikuwa na mimba pia.

Halafu akapima, na usingizi ukamruka. Karatasi ya kipimo ilitoka kahawia iliyokolea: aseniki, sumu ya kuulia panya.

"Usinivunjie biashara, Mama Safari," Shamte alimlalamikia Veridiana. "Si ulisema mwenyewe aseniki ya baharini haina neno?"

"Iko isiyo na neno, na iko inayoua. Hapa nimezipima zote pamoja. Lazima nizitenganishe."

Akawa hali, hakai. Aliuloweka mwani, akauchemsha, kisha akapima majani mbali na maji mbali, kwa njia inayonasa ile inayoua tu. Karatasi ya majani ilibaki karibu nyeupe. Ya maji ikawa kahawia. Veridiana alipiga makofi peke yake mle chumbani, maana sumu ilikuwa imehamia kwenye maji. Mbio akamfuata dereva wa lori lililokuwa likipanda Newala kuchukua korosho: amwambie Getrude aloweke mwani, achemshe, amwage maji, ale majani.

Lakini moyo haukutulia, na hakujua kwa nini. Mwisho wa wiki akapanda mwenyewe.

"Shikamoo, dada." Getrude alikuwa uani na jirani yake, kikombe mkononi. "Salamu zako zilifika. Majani magumu yale, yamenishinda, nimewapa mbuzi. Maji yake ndiyo nanywa, asubuhi na jioni."

"Nilisema uyamwage!"

"Dereva alisema hivyo hivyo. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, tukajua kachanganya mambo. Nani atamwambia mtu wa Newala amwage maji?"

Veridiana aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Amezaliwa hapa hapa, ameteremka bondeni na ndoo na kupanda nayo kichwani, amechapwa kwa kumwaga kata moja. Bomba la Masasi lilikuwa limemsahaulisha yote hayo. Akampokonya mdogo wake kikombe na kukimwaga mchangani, jirani akaguna kwa uchungu wa maji.

Getrude hakucheka tena. Mikono yake ilishuka tumboni.

"Na huyu, dada?"

Tangu utotoni, Getrude akiuliza, Veridiana hujibu. Safari hii alitazama tumbo lile.

"Sijui," akasema. "Vaa viatu, mdogo wangu. Tunakwenda hospitali, Ndanda."