Kidole Chini ya Neno

Kabla hajaiona meza, Bernardine aliisikia sauti. Ilikuwa sauti nyembamba ya mtoto, ikikata maneno vipande vipande kama mtu anayekatakata muhogo.

"Ka-zi. M-vu... mvu-vi. Mvuvi."

"Pita," mwanamume akasema.

Mstari wa watu ulisogea. Bernardine naye akasogea, beseni la ndagala, dagaa wa ziwa, kichwani, kitambaa kimeshushwa hadi kwenye nyusi. Miguu iliendelea kutembea ingawa alikwisha kuitambua sauti. Alikuwa Feza, mtoto wa Aziza muuza maandazi. Kalasi ya kwanza, benchi la pili, upande wa dirisha.

"Iko nini kule mbele?" aliuliza mzee aliyemfuata nyuma. Aliitwa Nduwimana, na watu wa Uvira walimjua kwa kuwa ndiye muuguzi aliyewachoma sindano katika zahanati. Leo alikuwa amebeba jembe. Miwani yake aliizika bustanini, maana siku hizi miwani ilikuwa ushahidi.

"Wamepata karani," alijibu mwanamke wa mbele. "Lakini iko mufupi. Wamemukalisha juu ya kreti ya bia ili afikie meza."

Mtu mmoja akacheka. Kicheko kilikatika upesi.

Tangu waasi walipouchukua mji, hakuna aliyepita daraja la Kavimvira kwenda upande wa Burundi bila kuonyesha karti ya kitambulisho. Asiye na karti alikuwa mpelelezi. Mwenye karti, ilitegemea kilichoandikwa mbele ya neno *kazi*. Wakulima na wavuvi walipita. Waliokuwa wamekula mshahara wa serikali, makarani, wauguzi, walimu, walipelekwa nyuma ya ghala la pamba, na huko hawakurudi. Ezechiel, direkteri wa shule ya Bernardine, alipelekwa huko akiwa ameomba maji ya kunywa. Viatu vyake vyeusi vilionekana kesho yake miguuni mwa mlinzi wa daraja, ambaye alivifunga vizuri kuliko Ezechiel mwenyewe.

Ila kamanda wa waasi pale darajani hakujua kusoma. Kwa muda watu walikuwa wamepona kwa hilo. Alimweka mtu mzima amsomee, na mtu yule kila karti akasoma *mkulima*, hata ya kijana mwenye mikono laini kama ya bibi harusi. Alipogunduliwa naye akapelekwa nyuma ya ghala. Bernardine alikuwa amepata habari hiyo jana, kwamba msomaji hayupo. Ndiyo maana alikuja leo, kabla hajapatikana mwingine.

Hakuna aliyetoka kwenye mstari. Mlinzi alikuwa ameketi juu ya jiwe, bunduki mapajani, akiwatazama wanaotazama nyuma.

Mtoto wa Bernardine wa miezi saba alikuwa ng'ambo, Gatumba. Mama mkwe alimvusha wiki iliyopita, kwa kuwa kikongwe mwenye kitoto mgongoni haulizwi karti. Kitambaa alichojifunga Bernardine kifuani kilikuwa kimelowa maziwa tena. Alikihisi, kama mtu anavyohisi kwamba mvua inanyesha nje.

"Ka-zi. M-ku... mku-li-ma."

Anasoma vizuri, akawaza. Hakisii. Hilo ndilo alilowasumbua nalo wanafunzi wake mwaka mzima: tusikisie, tusome kilichoandikwa. Weka kidole chini ya neno, kisogeze, usikiondoe mpaka neno limekwisha. Mtoto alipokwama, Bernardine hakumtajia neno. Alimwonyesha kwa midomo tu, bila sauti, jinsi mdomo unavyokaa, na mtoto akaokota sauti mwenyewe. Masista wa misheni walimkemea kwa tabia hiyo, wakasema inawafanya watoto wategemee uso wake. Alijaribu kuiacha, akashindwa. Mtoto akisoma, midomo yake ilisoma naye, hata akiwa nyuma ya kalasi akifagia.

Na kila jioni aliwaandikia ubaoni hadithi isiyo na mwisho. Mwisho aliuandika asubuhi, nao wakaja mbio kabla ya kengele ili wausome. Siku waasi walipoingia, ubaoni alikuwapo nyani aliyekwama juu ya mchikichi, panga lake limeanguka chini. Pengine bado yuko juu. Mabenchi yalikwisha kuwa kuni.

Meza ilikuwa yake mwenyewe, ya kalasi. Aliitambua kwa pembe iliyoungua na doa la wino. Feza alikaa nyuma yake juu ya kreti, miguu ikining'inia, nywele zimesukwa upya. Aziza alisimama nyuma ya mtoto na sinia la maandazi. Alipomwona Bernardine, alianza kuyapanga upya yale maandazi, moja moja.

Feza naye alimwona. Hakusalimu. Alikaza midomo, akatazama chini kwenye meza, na Bernardine akaelewa: mama yake amemwambia, ukimwona mwalimu, usimjue. Ni mtoto msikivu. Alikuwa hivyo tangu mwanzo.

Kamanda alikuwa kijana, na siku ile alikuwa na furaha. Alikuwa akiwasimulia watu wa mstarini habari za mupe, padri wa misheni, aliyemfukuza shuleni akiwa na umri wa huyu Feza.

"Juu ya kaptula," alisema. "Minye sikukuwa na kaptula. Mupe akasema, enda, utarudia na kaptula." Akapiga goti lake, penye suruali ya kijeshi. "Njo hii. Nimerudia."

Watu wakacheka kiasi kilichohitajika.

"Mama, weye iko na kazi gani?"

"Ninauza ndagala, komanda."

"Ndagala. Vizuri. Leta karti, tuone kama karti na mudomo vinapatana."

Bernardine akaitoa. Ilikuwa karti ya mwaka wa pili wa uhuru, wakati karti za kuchapwa zilipokwisha kwenye ofisi ya komini na karani akaanza kuandika kwa mkono, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa nzuri. Siku ile alimsifu karani kwa mwandiko.

"Watu wakubwa wanasoma na tumbo," kamanda aliwaambia walio nyuma. "Mutoto anasoma na macho. Soma, mama yangu mudogo."

Feza akaweka kidole chini ya neno.

"Be-ri... na-ri... Berinaridini." Kidole kikashuka mstari. "Ka-zi."

Kikasimama.

Neno lilianza kwa herufi tatu zilizoshikana, na herufi za aina hiyo walikuwa wamezianza siku chache tu kabla shule haijafungwa. Bernardine alijua alikoliachia somo. Angeweza kutazama ziwa, lilikuwa pale pale, jeupe kwa jua. Angeweza kutazama maandazi. Feza alikunja uso, akarudia, "Ka-zi," kidole hakikuondoka, halafu akainua macho, kama alivyoyainua kila asubuhi kutoka benchi la pili.

Midomo ya Bernardine ikakutana, ikajisukuma mbele kidogo, ikafunguka.

"Mwa," Feza akasema. Uso ukamng'aa. "Mwa-li-mu. Mwalimu."

Bernardine akatikisa kichwa: ndiyo. Akakitikisa kama kawaida, mara moja, taratibu. Ndipo alipolisikia neno.

Sinia lilitoa mlio mikononi mwa Aziza. Kamanda hakukasirika. Alivunja kipande cha sukari akamwekea mtoto mezani.

"Kaa kule, mwalimu," alisema, akionyesha ukuta ambapo watu wawili walikuwa wamechuchumaa. "Jua iko kali. Hamutakawia."

Mlinzi mwenye viatu vya Ezechiel akaja kumtua beseni. Alilitua kwa uangalifu, asimwage hata ndagala mmoja, akaliweka kivulini upande wake.

Bernardine akaketi ukutani. Kutoka pale aliiona meza kwa ubavu, na Feza akimung'unya sukari, na mzee Nduwimana akisogea na jembe lake.

"Weye, baba?"

"Minalima muhogo, komanda. Tangu kuzaliwa."

"Karti."

Feza akafuta kidole kwenye gauni, kwa sababu ya sukari, akakiweka chini ya neno. Akasoma jina lote bila kukwama. Kidole kikashuka.

"Ka-zi," akasema. "Mu..."

Kidole kikasimama. Jembe la mzee lilikuwa limetulia begani. Hakuona karti, wala uso wa mtoto. Bila miwani aliona mwanga tu.

"Soma," kamanda akasema.

Feza alirudia, "Mu..." Kisha akageuza kichwa polepole, akaiacha karti, akampita kamanda, akampita mama yake, akatazama ukutani, na akangoja.

Bernardine aliuweka mkono mdomoni, akaubana kwa nguvu. Chini ya kiganja, midomo yake ilikuwa imeshaanza.