Msemaji wa Pontien

Kizuri chajiuza, wanasema, lakini waliosema hivyo hawakuwahi kukaa sebuleni kwa Méthode, kule mtaa wa Kinanira, Jumamosi alasiri. Pale kizuri na kibaya vyote vilihitaji msemaji.

Mambo yalianza Méthode aliponunua televisheni kubwa kama mlango, akaona haya kuitazama peke yake. Majirani wakawa wanakuja baada ya kazi za pamoja za Jumamosi, wameshaoga, kila mmoja na kiti chake. Kila wiki ilikuwa zamu ya mtu mmoja kuleta dokumentari. Sharti lilikuwa kwamba aliyeileta asimame aiombee, aeleze kwa nini watu wampe saa nzima ya maisha yao, kama msemaji wa ukoo anavyosimama siku ya kupeleka mahari. Filamu ikiisha, kila mtu atoe neno lake, na neno ni moja tu. La Méthode halikubadilika: "Ndefu." Alilisema kwa nyangumi, akalisema kwa madaraja ya Wachina, akalisema hata kwa ile ya nyuki iliyochukua dakika ishirini na mbili.

Sasa zamu ilikuwa imemfikia Pontien, na Pontien alikuwa na shida.

Kwa miaka thelathini na moja, kila siku saa moja asubuhi, Pontien alishuka ziwani kusoma kipimo. Ni ubao mweupe wenye mistari myeusi, umesimikwa majini, naye anaandika daftarini maji yamefika wapi. Basi, kazi yote ndiyo hiyo. Mtaani walimwita Mupima Maji na kumuuliza kama ziwa litatoroka siku atakayochelewa kuamka, naye akacheka pamoja nao. Hayo hayakumuuma. Kilichomuuma ni Joëlla, bintiye anayesoma chuo kikuu, ambaye siku moja pale getini aliulizwa na wenzake baba yake anafanya kazi gani. Akajibu kwamba ni mtumishi wa serikali, na walipouliza ofisi ipi, akaanza kusifu viatu vya mwenzake. Pontien alikuwa nyuma ya ukuta, anamwagilia mchicha. Hakumlaumu, lakini aliumwagilia ule mchicha mpaka ukaelea.

Miaka miwili nyuma walikuja watafiti na kamera, wakitaka kujua kwa nini ziwa limepanda na kumeza nyumba za watu. Pontien akawapa madaftari yake, akawasahau. Mwezi uliopita ikaja bahasha, ndani yake barua ya shukrani na flashi. Aliitazama ile filamu peke yake kwenye kompyuta ya ofisini, saa ya chakula, na ilipofika dakika ya arobaini na moja akaiona mikono yake mwenyewe. Akairudia mara tatu. Fahari ikamjaa mpaka chakula kikakosa pa kuingia.

Alitaka majirani waione. Zaidi ya majirani, alitaka Joëlla aione. Lakini Mrundi aliyelelewa hajisifu. Hata siku ya mahari ya binti yake baba hafungui kinywa, anasemewa na mwingine. Kusimama mbele ya watu na kusema njooni mnione, heri aimeze hiyo flashi. Akaenda kwa Cirimwami, jirani yao Mshi wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, mfanyabiashara wa vitenge, mtu anayeweza kuisifu sufuria tupu mpaka ukasikia harufu ya nyama.

"Papa Joëlla, lala salama," Cirimwami akamwambia. "Mi nitakusifu mpaka we mwenyewe uulize huyo mutu ni nani."

Jumamosi saa nane mchana simu ikatoa mlio. Mpaka umefungwa, Cirimwami amekwama Uvira na mizigo yake, anaomba radhi kwamba hatawahi kumsemea. Pontien alisoma ujumbe ule kwa sauti amesimama uani, akafikiria kuugua malaria. Lakini mkewe Médiatrice alikuwa ameshavaa kitenge kipya na kubeba kiti. Na cha ajabu, Joëlla naye alibeba chake, yeye ambaye siku zote aliita mikutano ile baraza la wazee.

Kwa Méthode, zamu ilipotangazwa, Pontien alisimama. "Ni filamu ya maji," akasema, akakaa.

Na maji yenyewe hayakusaidia. Mtaalamu wa kwanza alieleza kwa Kifaransa habari za mvuke na mito. Wa pili akachora mishale. Pascaline, jirani yao muuguzi, akatoa karanga mkobani akaanza kuzimenya. Fabrice, dereva wa teksi, alilala waziwazi. Méthode naye alikuwa na ugomvi wake na maji. Alikuwa amejenga nyumba kule Kibenga, karibu na ufuo, kuta zikafika madirishani, ziwa likaingia kabla ya kuezekwa mabati, na sasa wapangaji wake ni vyura. Pontien alikuwa amemnong'oneza mapema kwamba maji yanapanda, asijenge pale. Méthode alimjibu kwamba yeye ana hati ya kiwanja, ziwa halina.

Dakika ya thelathini na tano Méthode akachukua rimoti. Akasema ipo moja nzuri ya tembo, watu wasiteseke bure. Lakini ni mwenyeji, na mwenyeji huuliza kwanza.

"Ao kuko kitu mbele, jirani?"

Neno moja tu lingetosha. Lilikuwepo kwenye ulimi wa Pontien, zima kabisa, na malezi ya miaka sitini yakalikalia.

"Apana," akasema. "Weka tu ya tembo."

Médiatrice akatazama sakafu. Alijua yote, lakini mke akimsifu mume ni kama mume amejisifu mwenyewe. Kidole cha Méthode kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe Joëlla aliposimama.

"Iache, papa Méthode. Musemaji wake amekwama Uvira. Leo ni miye."

Méthode akamkumbusha, bila ukali, kwamba mtoto hamsemei baba yake. Watu wakaguna kukubali, maana ni kweli.

"Basi nitajisemea mi mwenyewe," Joëlla akasema. "Papa wangu anapima maji ya ziwa. Miaka makumi tatu na moja. Nilikuwa nafichaka. Jana nilikuta flashi mu shati yake nikiwa napiga pasi, nikaangalia yote. Sitaficha tena. Muniachie dakika sita."

Méthode akaiweka rimoti mezani.

Dakika ya arobaini na moja ukatokea ubao mweupe wenye mistari myeusi, kisha miguu ndani ya ndara, kisha mikono inafungua daftari. Mtafiti mwanamke akasema kwamba bila madaftari haya wote wangekuwa wanakisia tu. Kamera ikapita kwenye kurasa, mwaka baada ya mwaka, na hapakuwa na mstari mtupu hata mmoja, hata katika miaka ile mibaya ambayo sebuleni mle kila mtu aliikumbuka kivyake. Siku moja, kwenye safu ya maelezo, palikuwa pameandikwa: Risasi upande wa kaskazini. Nimesoma nikiwa nimelala chini. Fabrice alikuwa ameamka. Karanga za Pascaline zilikuwa zimetulia mkononi.

Kisha kamera ikasimama kwenye ukurasa mmoja wa mwezi wa tatu, na Méthode, ambaye hakuwa na miwani, akasogea akausoma kwa sauti. "Mvua usiku. Mtoto wa kike amezaliwa saa kumi alfajiri. Mama na mtoto wazima."

Médiatrice akacheka, machozi yakimtoka. "Kumbe ulikuwa kule. Mi uliniambia unaenda kutafuta maziwa."

"Nilileta na maziwa," Pontien akajitetea.

Filamu ikaisha, na ukafika wakati wa neno moja moja. Pascaline akasema, "Kweli." Fabrice akasema, "Mwanaume." Joëlla alikuwa amekihamisha kiti chake kando ya baba yake bila mtu kumwona. Akasema, "Wangu." Pontien alikaa ameinamisha kichwa kama inavyopasa, lakini moyoni alikuwa mrefu kuliko mnazi, na hakuona haya.

Likabaki la Méthode. Wote walikuwa wanalingoja lile la siku zote. Akainyanyua rimoti, akaizima televisheni. Alipofungua mdomo alivunja sharti lake mwenyewe.

"Papa Joëlla. Leo asubui maji ilikuwa wapi?"

Kwa miaka thelathini na moja hakuna mtu mtaani aliyewahi kumuuliza. Pontien akasimama, maana ripoti haitolewi mtu amekaa, na hakuhitaji msemaji.

"Mita ine na sentimita kumi na mbili. Imeshuka mbili tangu Jumapili."

Méthode akamwomba arudie polepole, akaanza kutafuta kalamu.