Kamba ya Mheshimiwa

Klara alikuwa anapakulia wachimbaji ugali pale machimboni Mwakitolyo wakati mheshimiwa waziri alipoanza kupaa kutoka jukwaani. Alikuwa amefika kwenye maneno kwamba nchi yetu si kama nchi nyingine, na sheria za dunia zimetungwa kwa ajili ya hao wengine. Viatu vikaachana na mbao. Watu wakapiga makofi, maana hotuba ilikuwa tamu.

Klara alimkagua kichwani, akitafuta waya. Wanasiasa aliwajua. Waya haukuwepo, lakini hakumwamini hata hivyo.

Mwanawe, Mihayo, alifungwa maisha bila kupewa wakili. Mahakama ya nje, iliyoundwa kwa mkataba tuliousaini wenyewe, iliagiza kesi isikilizwe upya. Ndiyo maana siku hiyo Klara alisogeza masufuria karibu na jukwaa. Alitaka kuuliza lini.

Mheshimiwa alipofika usawa wa mabati ya vibanda, Bujiku, mwendesha winchi ya machimbo, akamrushia kamba ya duara, yaani ya shimo la mgodi, ile inayoshusha watu kufuata dhahabu. Mheshimiwa akajifunga kiunoni, akaendelea kuhutubia. Upepo ulivuma, wanaume waliomshikilia wakachoka. Klara akafuta mikono kwenye kanga, akaishika kamba.

"Shikamoo, mama!" mheshimiwa akaita kutoka juu.

"Marahaba. Kesi ya Mihayo wangu lini? Mahakama ya kule imeshasema."

"Mama, kule ni kule. Sisi tuna utaratibu wetu."

Akapanda tena kidogo. Kamba ikamchuna Klara viganja.

"Mwachie aende zake, mayu," Bujiku akamnong'oneza, akimwita mama kwa Kisukuma.

Klara alitamani kuiachia. Lakini kamba ya duara haiachiwi mtu akiwa upande wa pili, hata awe mwizi wako. Marehemu mumewe aliwahi kuvutwa akiwa hai kutoka kwenye kifusi na mtu ambaye walikuwa hawasalimiani. Klara akakaza mikono.

Wakamvuta chini kiasi, wakamfunga kwenye bampa la gari lake. Msafara ukaelekea mjini, mheshimiwa akipunga mkono juu ya vumbi. Hakushukuru.

Jumapili Klara alipeleka chakula gerezani, viganja vimefungwa vitambaa. Mihayo akavitazama.

"Umefanya nini, mama?"

"Nilimshika mheshimiwa asipotelee angani."

Mihayo akacheka sana.

"Na kesi yangu, kasema ni lini?"

Klara akamsogezea bakuli.

"Kula, baba. Ugali unapoa."